Siku Niliyousugua Mpini

Aliyenionyesha kwamba tezo ya mzee wangu imeoza kwa kutu ni kuku. Tunaye mmoja mwekundu, ana roho mbaya, kila akitaga anahama. Siku hiyo nilimtafuta mpaka nikaenda kuchungulia nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ambacho mzee alikuwa anakiita karakana. Nikamkuta amejaa ndani ya sanduku la zana. Amekalia randa, amekalia msumeno, amekalia na tezo, mayai saba chini yake, ananiangalia kama mimi ndo nimeingia kwake bila hodi.

Nikamnyanyua, akanidonoa. Tezo ilikuwa nyekundu kuliko yeye.

Kama tezo huijui, ni kama kijembe cha mkono. Bapa la chuma limelala kwa upana, mpini mfupi, unasimama juu ya mbao na kuchonga kwa kuvutia kwako, katikati ya miguu yako. Ukikosea kidogo huchongi tena mbao, unachonga ugoko. Ugoko wa mzee wangu una makovu manne na kila moja lina hadithi yake. Alichongea mitumbwi pale Igombe tangu kabla sijazaliwa, na ile tezo alikuwa haazimishi mtu. Mimi mwenyewe alikuwa ananiambia, "Wewe shika chochote cha kwangu, hata kikombe changu, lakini hiyo weka chini."

Sasa ilikuwa chini kweli. Chini ya kuku.

Ilikuwa miezi mitano tangu mzee aanguke. Alianguka hukohuko ufukweni, tezo mkononi, wakamleta nyumbani Buswelu baada ya hospitali akiwa nusu mtu. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, kikachukua na maneno. Maneno yote yaliondoka, yakabaki mawili tu, na hayo mawili ni matusi ya Kisukuma. Siwezi kuyaandika hapa kwa sababu kuna siku mtu atamsomea mama. Moja linamhusu mama wa anayetukanwa. Lingine linahusu kitu ambacho ng'ombe anaachia njiani.

Muuguzi wa kliniki alituambia tusione aibu. Alisema, "Akitukana mshukuruni Mungu. Maana yake njia ya maneno bado ipo, siku moja na mengine yatapita humohumo." Basi nyumbani kwetu tukawa tunamshukuru Mungu kutwa nzima. Mchungaji wa mama alikuja kumwombea, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Bwana atakuinua, mzee wangu." Mzee akamjibu lile la ng'ombe, kwa sauti safi kabisa. Mchungaji akasema amina.

Mimi nilizoea. Asubuhi namuuliza, "Mzee, chai au uji?" Ananitupia lile la mama. "Sawa, uji." Tulikuwa tunaelewana vizuri kuliko zamani alipokuwa na maneno yote, maana zamani maneno yake mengi yalikuwa kuniuliza nitaacha lini kuuza makava ya simu Mirongo nije nijifunze kazi. Nami nilikuwa namjibu kwamba mtumbwi hauna chaja.

Sasa kuna kitu kimoja lazima ukijue, bila hicho haya mengine ni hadithi ya kuku tu.

Mama ni mtu wa Kisesa. Amekulia kwenye ng'ombe, maji anayoyajua yeye ni ya kwenye ndoo. Kuolewa na fundi mitumbwi aliolewa, ila kupanda mtumbwi hajawahi hata siku moja. Hata kivuko hapandi. Bibi yangu, mama yake mzee, alifia kisiwani walikokuwa wanaishi na samaki wao, akazikwa hukohuko. Mama hakwenda kuzika. Alifika ufukweni na khanga zake na unga wa msiba, akayaangalia maji, akakaa chini. Watu wakamwacha. Mkwe ambaye hajawahi kuliona kaburi la mama mkwe wake, huko kwetu hilo jambo halisemwi na halisahauliki. Mama lilimkaa kifuani miaka yote hiyo.

Sasa mwaka ule aliokuja kuanguka, mzee alianza kujenga mtumbwi ambao hakuagizwa na mtu. Maisha yake yote alijengea wengine. Huu ulikuwa wake. Siku moja wakati wa kula akamwambia mama, "Nakutengenezea mtumbwi hautikisiki. Utakaa kama umekaa kwenye kochi."

Mama akasema, "Kochi halizami."

"Na huu hauzami."

"Nyumba ndo haizami. Kula."

"Nitakupeleka kwa mama, umsalimie, nikurudishe siku hiyohiyo. Khanga yako haitalowa."

Mama akamwongezea dagaa. Kwa mama kukuongezea dagaa ni kama kutia sahihi.

Alipoanguka, uti wa chini wa mtumbwi ulikuwa umeshalala, mbavu tisa zimesimama upande wa mbele, na nyuma hamna kitu. Ukiuona kwa mbali unadhani ni samaki aliyeliwa nusu. Mbao zingine zimepangwa pembeni, zinasubiri. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Mbao iliyoachwa mvua nzima bila kufungwa inajikunja, haifai tena hata kwa banda la kuku, na nimeshakueleza kuku wetu walivyo na madoido.

Ndo nikaamua nitaumalizia. Mimi. Mtu ambaye msumari nimewahi kuupiga ukaingia kwenye kidole. Nilikuwa nimeona mzee anavyokaa kwenye kiti chake cha plastiki uwani, anaangalia upande wa ziwa ambao hauonekani kutoka kwetu, unaona tangi la maji la jirani tu. Nikasema akiuona umesimama, huenda na yeye atasimama. Ujinga gani huo, lakini ukiwa na mgonjwa ndani unaamini vitu vingi.

Nikampigia baba mdogo. Si ndugu wa damu, ni fundi mwenzake mzee, wamechonga kibanda kwa kibanda tangu ujana.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mgonjwa?"

"Anatukana."

"Vizuri."

"Baba mdogo, nataka tumalizie ule mtumbwi."

Nikasikia mawimbi tu na mtu anapiga nyundo.

"Tumalizie mimi na nani?"

"Mimi na wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mkono wako wewe umezoea kugusa kioo cha simu. Mbao ukiigusa inalia."

"Nitajifunza baba mdogo. Mvua zinakuja."

Akaacha kucheka. "Lete tezo ya baba yako. Bila ile sipigi hata msumari mmoja."

"Imeshika kutu."

"Ilete hivyohivyo ilivyo."

Hivyohivyo ilivyo. Nilisikia vizuri, mtandao haukukata. Lakini nikaitoa tezo sandukuni, nikaiangalia, kutu tabaka kwa tabaka, kinyesi cha kuku kimekauka mpaka kwenye shingo, na mpini mweusi kama mwiko wa mama ntilie. Nikaona aibu. Nikasema mtu akimpelekea fundi mwenzake zana ya baba yake iko hivi, watasema yule mzee amezaa nini. Nikaamua kuisafisha kwanza.

Halafu kulikuwa na hizi video. Kwenye simu nilikuwa naangalia sana watu wanaofufua vitu vyenye kutu. Wazungu, wamevaa glovu, hawasemi neno hata moja. Shoka limeokotwa shambani, linaingia kwenye ndoo, linasuguliwa, mwisho linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nilikuwa naziangalia mezani kwangu Mirongo wateja wakikosekana, yaani nilikuwa nimeziangalia nyingi. Nikasema na mimi nitarekodi. Tofauti yangu na wazungu, mimi nitaongea.

Jumapili mama akaenda kanisani. Nikamtoa mzee uwani, nikamweka kwenye kiti chake kivulini, nikageuza ndoo kuwa meza, nikaegesha simu kwenye dumu la mafuta ya taa. "Mambo vipi watu wangu wa Mwanza! Leo tunamfufua marehemu." Mzee akatoa lile la ng'ombe. Nikacheka nikaendelea.

Bapa nililitoa kwenye mpini kwa kuligonga taratibu, nikalilaza kwenye beseni la mafuta ya taa wakati tunakunywa uji. Nikasugua na brashi ya waya. Kutu ikawa inatoka kama ngozi ya kiazi. Nikamwagia ndimu na majivu, nikasugua tena, chini kukaanza kutokea rangi ya chuma, kwanza madoa, halafu vipande, halafu uso mzima. Nikashika tupa nikanyoosha mdomo, nikamalizia kwenye jiwe la kunolea na maji. Muda wote huo mzee alikuwa ametulia. Ameegemea, jicho lake zima halitoki kwenye mikono yangu. Nilipojaribu makali kwenye nywele za mkono na zikakatika, nikamwonyesha upara wangu mdogo, akatoa tusi moja la chinichini, la upole, kama mtu anayesema si haba. Nakwambia ukweli, sijawahi kusifiwa na mzee wangu kuliko siku ile.

Ningeishia hapo.

Mpini ulikuwa wa mpera, mfupi, umejaa mafuta ya mkono na moshi na uchafu wa miaka. Upande wa ndani, ule unaotazama mwili wako ukichonga, ulikuwa na makovu. Mikato midogo midogo. Mingine imekaa peke yake, mingine miwili imesogeleana, mmoja una msalaba. Nikasema panya. Au labda aliuangusha mahali. Kwenye video hakuna mpini unaobaki na makovu. Wanausugua mpaka unakuwa kama shavu la mtoto, halafu wanaupaka mafuta. Nikachukua msasa ule mkali, nikaufunga kwenye kipande cha mbao, nikaanza.

Mzee akatukana.

"Naam mzee!"

Akatukana tena, lile la mama, kwa nguvu.

"Leo umeamka! Watu wangu, mnamsikia meneja?"

Nikasugua. Akatukana. Akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, pa. Nilifurahi. Nilijua ni mazoezi. Yule mtu wa mazoezi kliniki alikuwa amempa mpira aubinye, na yeye hakuubinya hata siku moja, mbwa wa jirani akaondoka nao. Sasa leo anapiga kiti mwenyewe! Nikamwambia, "Tulia mzee wangu, nakufanyia mpya." Mikato mingine ilikuwa imezama, msasa ukawa haufiki. Nikavunja chupa, nikachukua kipande cha kioo, nikaanza kukwangua kama mafundi wanavyofanya. Unga wa mpera ukawa unaruka, unanukia kama juisi. Mzee sauti ikaanza kukauka. Ule wenye msalaba ndo ulikuwa wa mwisho na wa kina kuliko yote, nikaukwangua mpaka kiuno cha mpini kikapungua kidogo. Ulipoisha, na yeye akanyamaza.

Nikamwangalia. Jasho linamtoka. Jicho la upande uliokufa lilikuwa linachuruzika, lakini lile linachuruzika siku zote, nikamfuta kwa shati lake.

Nikapaka mpini mafuta ya alizeti, nikaupachika kwenye bapa, nikagonga ukakaa. Tezo iling'aa mpaka kuku akasogea kujiangalia. Nikaiweka kwenye mkono wa kushoto wa mzee, kwenye paja. Akaishika. Kidole gumba kikatembea upande wa ndani wa mpini, kikaenda mpaka mwisho, kikarudi. Kikaenda tena. Kikarudi. Nikasema anausikia ulivyo laini.

Mama aliporudi akauliza kama kila siku, "Amesema leo?"

"Leo amehubiri kuliko mchungaji wako."

"Ashukuriwe Mungu," mama akasema, akaenda kuvua viatu.

Kesho yake asubuhi nikaenda Igombe, tezo nimeifunga kwenye khanga kama mtoto. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye gogo, anaziba ufa wa mtumbwi wa mtu kwa pamba. Nikafungua khanga. Akalitazama bapa, akajaribu makali kwa ukucha, akatikisa kichwa, yaani amekubali.

"Umenoa wewe?"

"Mimi."

"Kumbe una mikono."

Nikavimba. Halafu akaigeuza. Kidole chake gumba kikatembea upande wa ndani, kikaenda, kikarudi. Vilevile. Kama cha mzee jana.

"Umebadilisha mpini?"

"Hapana baba mdogo. Ni uleule. Nimeusafisha."

"Ule wa zamani uko wapi?"

"Ndo huo. Nimeusugua."

Akaiweka tezo mchangani, taratibu, akachukua ya kwake, akaigeuza, akanionyesha. Upande wa ndani, mikato. Midogo midogo. Miwili miwili. Imejaa uchafu mweusi, huwezi kuiona kama hujui unatafuta nini.

"Sisi hatutumii futi," akasema. "Futi ni ya watu wa madirisha. Hapa ni upana wa tumboni, unaupindua mpini mara saba, halafu unaongeza mpaka mkato huu. Hapa ni kimo cha ubavu wa kwanza. Hapa pale unapoanza kukunja nyuma. Mtumbwi wote uko hapa. Fundi akibadilisha mpini anaweka wa zamani na mpya pamoja, anahamisha, halafu wa zamani anauchoma."

Nikasema, "Si tupime mitumbwi yake mingine? Hii yote hapa si kajenga yeye?"

"Ile ni ya kukimbia, myembamba. Huu alikuwa anamtengenezea mama yako. Hajawahi kuujenga, na mimi sijawahi kuuona wa hivi. Aliharibu mbao mbili. Anakaa pale, anakata mkato, anaziba kwa nta, anakata mwingine. Alipopata ule wa mwisho aliuwekea msalaba, akaja kuninunulia soda."

"Hakukwambia vipimo?"

Aliniangalia kama nimemuuliza rangi ya chupi ya mke wake. "Mtu haulizi mpini wa mwenzake."

Nikakaa mchangani. Halafu nikaruka. "Baba mdogo! Nina video!"

Na kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiweka mtandaoni jana yake jioni, watu kumi na saba walikuwa wameipenda, mmoja wao ni mimi kwa simu nyingine. Tukaingia kwenye kivuli cha mtumbwi, akaivua kofia yake tukaziba jua. Nikasema Mungu ana njia zake, kumbe kurekodi kulikuwa na sababu. Mwanzoni pale, kabla sijasugua, lazima mpini uonekane.

Ulionekana uso wangu. Mambo vipi watu wangu wa Mwanza. Uso wangu wote, na meno, na nyuma ya bega langu kipande cha mpini kina ukungu. Tukasogeza mbele. Mkono wangu, na mpini umefichwa kwenye kiganja. Tukasogeza. Mara moja tu mpini ulipita mbele ya kioo, haraka, kama mjusi. Tukausimamisha. Mikato ilikuwepo, minne au mitano, imefifia, imeinama, haijulikani ipi ni ipi na huu umbali ni kiasi gani. Baba mdogo akaweka ukucha wake kwenye kioo, kidole chake kimoja kikafunika mpini wote.

"Acha iende," akasema. "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Msasa unakwaruza. Mzee anatukana.

"Anatukana tu, huyo ndo kawaida yake," nikasema.

"Nyamaza. Sikiliza anatukana saa ngapi."

Nikasikiliza. Msasa ukigusa, anatukana. Mimi nikisimama kuongea na simu, anatulia. Msasa ukigusa tena, anatukana tena. Nyuma kabisa ya picha, pembeni ya sikio langu, mzee alikuwa anaonekana mdogo kwenye kiti chake, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, vidole vyote vitano vimefunguka, anavifunga, anavifungua. Mimi nasema mnamsikia meneja? Nacheka. Na kile kicheko changu kirefu, sikujua kama nacheka vibaya hivyo.

Maneno alikuwa nayo mawili tu. Aliyatumia yote.

Baba mdogo alivaa kofia yake. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema anaweza kumalizia nyuma kwa vipimo vyake yeye, utaelea, lakini mbele itakuwa ya mzee na nyuma ya kwake yeye, na mtumbwi wa hivyo mbele inataka huku na nyuma inataka kule. "Utamuuzia mtu wa dagaa. Ila mama yako mimi simpandishi humo. Siwezi kumwangalia baba yako machoni."

Siku mbili baadaye akaja nyumbani. Alikuja na mpini mpya wa mpera, mbichi, mweupe, na kisu kidogo. Alimsalimia mzee, akakaa chini mbele ya kiti, akamwekea mpini mapajani, akamshikisha kisu mkono wa kushoto. "Ndugu yangu," akasema, "weka hata mmoja. Ule wa msalaba tu. Mingine nitaitafuta mwenyewe."

Tukasubiri. Mama alisimama mlangoni na ungo. Mzee aliuangalia mpini muda mrefu sana. Kisu kikagusa mti, kikateleza, kikagusa pengine. Hata kama mkono ungeweza, ule wa kushoto ulikuwa haujui kitu, vipimo vilikuwa vya mkono wa kulia. Akakiachia kikaanguka. Hakutukana.

Baba mdogo aliaga bila kunywa chai. Mama nilimweleza mimi, yote, mpaka video. Alisikiliza mpaka mwisho, akapepeta mchele wake, akasema, "Hata hivyo mimi naogopa maji." Halafu akaingia ndani na ungo, na mchele ulikuwa bado una mawe.

Ile video niliifuta. Halafu usiku huo nikajuta, maana ndo pekee yenye sauti yake. Tangu Jumapili ile mzee hajasema hata lile la ng'ombe. Kliniki muuguzi akauliza, "Hatukani tena? Tangu lini?" Nilimwambia. Akaandika kwenye daftari, hakusema tumshukuru nani.

Mvua zikaja. Nilienda kuuona mtumbwi mara moja. Baba mdogo alikuwa ameufunika na turubai lakini upepo wa ziwa unatokea upande unaoutaka wenyewe, mbavu mbili zimeshafunguka, na mbao zile pembeni zimejikunja kama chapati. Sikukaa.

Tezo nimeitundika kwenye msumari uwani, mahali anapoiona. Inang'aa bado, kila Jumamosi naipaka mafuta. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hamna kingine cha kupaka.

Juzi asubuhi nilimletea uji, nikamuuliza kama zamani. "Mzee, chai au uji?" Kimya. "Uji una sukari au hauna?" Kimya. Nikamwambia kuku wake mwekundu ametagia kwenye kapu la kanisa la mama. Kimya. Nikamwambia mchungaji anakuja. Hapo zamani angefyatuka. Kimya.

Basi nikamtukana mimi. Nilisimama mbele yake nikayasema yote mawili, lile la mama na lile la ng'ombe, kwa Kisukuma, kwa sauti, nikiinama ili anione mdomo. Baba yangu mzazi. Nikayarudia. Nilitaka anirudishie hata moja.

Jikoni mama aliacha kupuliza moto. Nikajua sasa anakuja na mwiko, na mimi nikasema aje, anipige, nipigwe, angalau nyumbani humu mtu apige kelele. Mzee alikuwa anaangalia msumarini, kwenye tezo. Nikasubiri. Mama naye alikuwa anasubiri, nilisikia kabisa anavyosubiri.

Halafu nikasikia anapuliza moto tena.